Mtego Aliojitegea Daktari

Kwa miaka sita Daktari alitunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta za kwantamu, akaiwekea sheria moja kali: chembe ya taarifa ikishatumika mahali pamoja, haitumiki pengine, kwa kuwa haiwezi kunakiliwa. Wenzake wakamwona anajitesa bure. Mama yake tu, fundi cherehani, ndiye aliyemwelewa: kipande cha kitambaa ukishakikata kiwe mkono wa shati, hukikati tena kiwe kola.

Siku ya kuionyesha, akaandika mistari kumi mbele ya ukumbi uliofurika. Mashine ikagoma: mstari wa saba umetumia chembe ile ile mara mbili. Watu wakaangua kicheko.

"Lugha yako imekuumbua," mkuu wa idara akasema.

Daktari akainua kichwa, uso umechanua. "Imenikamata mimi niliyeizaa! Nani tena ataichenga?"