Kitone cha buluu kimeingia baharini

Leo nimefiwa kwa dakika arobaini, jamani!

Mwanangu Salim yuko Italia na mkewe na watoto. Wamekodi gari, wanaendesha wenyewe, leo mjini, kesho kwenye mashamba ya mizabibu. Mimi hapa nyumbani, mtaa wa Al Khuwair, nawafatilia kwenye ramani ya simu. Gari lao ni kitone cha buluu.

Leo mchana natazama, kitone kimeingia baharini.

Si ufukweni. Katikati ya maji! Kisha kikaganda.

Napiga simu, haipatikani. Nikampigia dada yangu Zuwena, nikalia tu.

Mnatujua sisi. Mara wanawake washajaa sebuleni, mkeka ushatandikwa, kahawa ishafika, Zuwena kashika msahafu.

Nikamkumbuka Mama, mwaka sitini na nne, alivyokaa mlangoni akingoja habari za baba kutoka Unguja. Hazikuja.

Simu ikalia. Salim!

"Mama, mtandao ulikatika. Tuko juu ya meli, tunavuka kwenda Sisilia. Gari liko chini."

"Na mimi niko juu ya mkeka wa matanga yako!"

Wenzangu wanacheka na kahawa yao. Nambieni, nyie mngesubiri simu kabla ya kulia?

Mimi bado sijaweza kuinuka mkekani.