Idi Baba Alipokwenda kwa Miguu Yake

Asubuhi ya kwetu ilianza na cherehani. Kabla sijafungua macho nilikuwa naisikia barazani, taka-taka-taka, inanyamaza kidogo Baba akigeuza kitambaa, halafu taka-taka-taka tena, na harufu ya mafuta ya mashine na pasi ya makaa inapita chini ya mlango mpaka kwenye mkeka wangu. Tulikaa mtaa wa Waswahili wa Gisenyi, juu kidogo ya ziwa, ambako vumbi ni jeusi kwa sababu ya mawe ya volkano na nguo nyeupe haibaki nyeupe hata nusu siku. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka kama kumi. Makarani walileta kaki, wake zao walileta vitambaa vya maua walivyonunua Goma, na Wazungu wa kando ya ziwa waliwatuma wapishi wao na mashuka ya kupindwa. Wote walimjua Baba, Fundi Ramadhani, mtu mrefu, mcheshi, aliyeweza kukupima kwa jicho tu ukipita njiani na kukuambia kwamba umenenepa. Mambo ya kusimulia juu yake ni mengi na mimi si mtu wa subira, kwa hiyo nitaandika msimu mmoja tu, ule wa mvua ndefu ulioishia na Idi.

Ugonjwa uliingia taratibu, kama maji yanayopenya paa. Kwanza kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kucheza chenyewe, kama cha mtu anayesokota uzi usioonekana. Halafu sauti ikawa ndogo, mpaka wateja wakawa wanainama kumsikia. Halafu uso. Baba aliyekuwa akicheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, sasa alicheka ndani, na uso haukupata habari. Mwisho ikaja zamu ya miguu. Alikuwa akifika mlangoni anasimama hapo hapo, nyayo zimeganda sakafuni kana kwamba zimepigiliwa misumari. Kifua kinataka kutangulia, magoti yanatetemeka, lakini hatua haitoki. Hakuwa mzee. Ndevu zake zilikuwa nyeusi zote. Mama alimpeleka hospitali, na daktari Mbelgiji akamgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia akunje na kukunjua vidole, kisha akasema kwa Kifaransa kwamba ni ugonjwa wa neva, kwamba kwa mtu wa umri ule hutokea kwa nadra sana, na kwamba hana dawa ya kumpa. Mama hakujua Kifaransa. Aliyemtafsiria alifupisha yote kwa maneno mawili: hakuna dawa.

Lakini sasa sikiliza jambo lililotutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Baba akikaa kwenye cherehani, miguu ilikuwa inakanyaga. Si kidogo, ilikanyaga vizuri, kwa mwendo ule ule wa zamani, na mkono uliokuwa ukitetemeka ulitulia mara tu ulipogusa kitambaa. Alishona polepole, ila alishona. Na baraza letu lilitazama njia, kila mtu anaona. Wanaona fundi anakanyaga mashine asubuhi nzima, halafu adhuhuri inaadhiniwa na fundi haendi msikitini. Wakajumlisha hesabu yao wenyewe: Ramadhani anajifanya. Wengine walisema amechoka na swala, wengine walisema anamtumikisha mke wake makusudi, na wapo waliosema Mama mwenyewe amempa kitu kwenye chakula ili asitoke nyumbani. Kwenye bomba la maji nilikuwa nasikia kwa masikio yangu. Mwanamke mmoja wa jirani alimwambia Mama mbele ya foleni nzima, huku anacheka, "We Mama Zaituni, bwana yako mashine anaikanyaga kama anaenda Bukavu na kinga, sasa kuja hapa kwa bomba ndo inamushinda?" Kinga ndiyo baiskeli. Watu walicheka. Mama alijaza ndoo yake, akajitwisha, akamwambia tu kwamba baiskeli hiyo akiitaka aje aazime, na tukaondoka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, na haikuwa kwa uzito wa ndoo peke yake.

Maana kazi yote ilikuwa yake. Alimfunga Baba vifungo, vifungo vya mtu ambaye alikuwa ameshona vifungo vya mji mzima. Alimlisha ugali kwa matonge madogo na kusubiri, kwa sababu kumeza nako kulikuwa kazi, na mimi niliyekaa pembeni na kikombe cha maji nilitaka kupiga kelele kwa jinsi ilivyochelewa. Alimgeuza kitandani, akamnyoa, akamfuta mdomo kabla mteja hajafika barazani. Kisha akakanda maandazi ya kuuza. Alikonda mpaka pete yake ikawa inamvuka kidoleni, akaifunga kwa uzi shingoni.

Baba mkubwa Shabani, kaka yake Baba, ndiye aliyeona hilo, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiuza vitambaa Goma na kila Ijumaa alikuja kula kwetu. Ijumaa moja, zikiwa zimebaki wiki chache mwezi wa Ramadhani uanze, alikataa chakula. Akasema amekwisha kuzungumza na jamaa zao wa Ujiji: baada ya Idi atamchukua ndugu yake kule, kuna mganga, kuna shangazi wengi wa kumtunza, na Mama arudi kwa wazazi wake Rugerero na mtoto wake apumzike. Aliongea kwa upole. "Shemeji, huyu mutu atakuua," alisema. "Sitaki kuzika wawili." Mama alimjibu kwamba hakuna aliyemwomba kuzika hata mmoja. Baba alikuwa amekaa kati yao na uso wake ule usiosema kitu, midomo inahangaika, na sote tukanyamaza kumsubiri. Hatimaye ikatoka sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Idi nitaenda kuswali. Na miguu yangu. Nikishindwa, unipeleke." Baba mkubwa akasema bon, yaani sawa, na wakapeana mikono. Ule wa Baba ulikuwa unatetemeka ndani ya ule wa kaka yake kama kifaranga.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Uwanja wa swala ya Idi ulikuwa chini, karibu na ziwa, na Baba hakuweza kuvuka kizingiti chake mwenyewe.

Siku nyingi zilipita bila lolote. Kisha siku moja ya mvua Baba aliganda mlangoni, nusu ndani nusu barazani, na matone yanamlowesha mgongo. Mama alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Cherehani ilikuwa imeingizwa ndani kwa ajili ya mvua, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, kitu kilichokatazwa kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyenitazama nilianza kukanyaga, mashine haina uzi, nacheza tu. Taka-taka-taka. Baba akainua mguu. Akavuka kizingiti, akaja hatua moja, mbili, tatu, mpaka mezani, kama mtu asiyeumwa kabisa. Niliruka kutoka kwenye kiti nikijua nitapigwa. Akaganda tena. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, unga unadondoka vidoleni. "Kaa," aliniambia. "Kanyaga tena."

Tulikanyaga, sisi wawili kwa zamu, mpaka giza. Miguu ya Baba haikuwa imekufa. Ilikuwa inasubiri kuambiwa lini. Kwenye cherehani mashine yenyewe ndiyo iliyoiambia, ndiyo maana ilitii, na watu wakaona uongo mahali palipokuwa na ugonjwa tu. Ila cherehani haibebeki njiani. Mama akajaribu kupiga makofi, akajaribu kijiko na sufuria. Mara ya kwanza alipiga haraka mno, Baba akatimua mbio za hatua ndogo ndogo na kuanguka kwenye jiwe la uani, akapasuka juu ya jicho. Nililia. Mama alimwosha damu, akampa maji, akaanza upya polepole zaidi. Baada ya siku kadhaa Baba aliweza kuzunguka ua mzima kwa sufuria, na hapo akakataa katakata. "Mi siendi musikitini na sufuria," alisema. "Watafikiri ninauza pilau." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumsikia akitania, na Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ni katika kucheka huko ndipo Mama alipopata jibu. Asubuhi ya Idi wanaume wa mtaa wetu huenda uwanjani pamoja, wanaleta takbira kwa sauti moja njia nzima, na takbira ina mwendo wake. Allahu akbar, Allahu akbar, mguu wa kulia, wa kushoto. Toka siku ile Mama alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya Baba uani, mikono nyuma, analeta takbira kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, na Baba anamfuata huku amemkazia macho. Mama mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani, hajanywa hata maji. Nilimwomba anipokeze. Alikataa, akasema mimi nakimbiza mwendo.

Idi ikafika na ukungu wa ziwa na baridi. Baba alivaa kanzu aliyoishona mwenyewe mwezi mzima, pindo limenyooka kama mstari wa rula. Wanaume walipopita mbele ya baraza letu, Kasimu mchinja nyama akiwa mbele na sauti yake ya ng'ombe, Mama alimsukuma Baba kidogo tu begani, na Baba akaingia katikati yao. Baba mkubwa alijipanga kando yake, mikono tayari kumdaka. Haikuhitajika. Sisi watoto tulifuata nyuma. Niliona visigino vya Baba vikinyanyuka na kushuka, vikinyanyuka na kushuka, na yule mwanamke wa bomba akiwa mlangoni kwake, mdomo wazi. Baba aliteremka mteremko wote, akapita chini ya miti ya barabara ya Wazungu, akafika uwanjani, akaswali amekaa. Nilitaka kupiga mbinja. Msichana hapigi mbinja siku ya Idi, nikauma kanga yangu.

Hatukuwa tumefikiri juu ya kurudi.

Swala ikaisha, hotuba ikaisha, watu wakakumbatiana, na takbira ya Idi ile huishia hapo. Watu wakaanza kutawanyika kwa njia nyingine, kama ilivyo sunna. Baba alisimama, akataka kwenda, akaganda. Magoti yakaanza kutetemeka ndani ya kanzu nyeupe. Watu waliokuwa wakimpongeza wakarudi nyuma kidogo, na nilisikia mmoja akinong'ona kwamba kuja ameweza, sasa kurudi ndiyo anataka kubebwa. Baba mkubwa aliinama mbele yake kumpa mgongo. "Panda, ndugu yangu," alisema. Baba akasema hapana. Kaka yake akasema tena panda, na Baba akasema tena hapana, na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilihesabu kwamba tumeshindwa. Nililiona kichwani lori la kumpeleka Ujiji.

Baba mkubwa akainuka. Aliitazama miguu ya ndugu yake kwa muda, ile miguu iliyokuwa ikitetemeka papo hapo ikisubiri. Halafu yeye, mtu asiyejua kuimba hata kidogo, akafungua kinywa na kuanza peke yake: Allahu akbar, Allahu akbar. Mzee mmoja akamshika mkono, akamwambia kwamba swala imekwisha, takbira ya nini tena. Baba mkubwa hakunyamaza. Mwalimu aliyetuswalisha alikuwa anakunja msala wake. Alimtazama Baba, ambaye alikuwa ameshainua mguu mmoja, akauweka msala begani na kuitikia. Kasimu akaitikia. Kisha uwanja mzima, hata waliokuwa wamefika barabarani waligeuka, na watu wote wale walipanda mlima kuelekea nyumbani kwetu, ambako wengi wao hawakuwa na shughuli yoyote.

Mama alinisimulia baadaye. Alikuwa na wanawake wenzake kwenye masufuria ya pilau, na wote wakasikia sauti ikipanda kutoka ziwani. Mmoja alisema wanaume leo wamechanganyikiwa, wanaleta takbira saa hii. Mama aliacha kukoroga. Alisikiliza mwendo wake, akautambua kuwa ni ule wake wa uani, wala haraka wala taratibu. Akaweka mwiko chini, akatoka nje bila viatu, akasimama katikati ya njia. Tulipotokea kwenye kona, Baba mbele na mji nyuma yake, alipiga kigelegele kirefu ambacho sijasikia mwingine akikipiga, na yule mwanamke wa bomba ndiye wa kwanza kukipokea.

Baba hakupelekwa Ujiji. Sasa nimemaliza sekondari, naandika haya nikiwa nyumbani likizo, na ugonjwa haukuondoka. Umechukua cherehani, umechukua karibu sauti yote. Baba hatembei tena hata kwa takbira. Siku ya Idi wanaume humbeba uwanjani juu ya kiti, kwa zamu, bila kuitwa. Wanawake wa mtaa nao wana zamu ya kumlisha, na Mama amenenepa kiasi kwamba pete imerudi kidoleni. Bado sina subira ya tonge lile dogo, lakini nimejifunza kukaa. Wakati ule kila mtu alikuwa anatutazama, sasa wanaingia. Idi iliyopita bibi arusi mgeni kutoka Uvira alisimama nami barazani, akashangaa kuwaona wanaume wakirudi kutoka swala na takbira inalia mpaka mlangoni petu. Aliniuliza kwa nini huku Gisenyi mnafanya hivyo, kwao inaishia uwanjani. Kabla sijajibu, mtoto wa Kasimu, ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule, alimwambia kwamba Idi ndivyo inavyorudishwa nyumbani, na akakimbia kuupokea mguu mmoja wa kiti cha Baba.