Maisom Hana Miaka Sitini

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Rashidiya, Uarabuni. Maisom anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, unapita mara moja tu. "Tazama mwenyewe," anamwambia mwandishi, aliyeahidi kubadilisha majina yote. "Hii ni mikono ya ajuza?"

Fundi huyu wa mabuibui amechoshwa na habari ya umri. Pasipoti yake ya Malaysia inasema alizaliwa Januari mosi, 1959. Mwaka huu wa 2019 ametimiza sitini, na kafeel, Mwarabu anayemdhamini kuishi hapa, amesema mtu wa sitini haombewi viza mpya. Khalas. Amebakiwa na wiki tano.

Ukweli ni kwamba ana hamsini na nne. Alizaliwa Kambodia, katika jamii ya Waislamu wa Kicham. Utawala wa Khmer Rouge ulipoanguka mwaka 1979, baba, mama na dada zake watatu walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwaka uliofuata alivuka mpaka na kuingia Thailand, mgongoni amembeba mdogo wake Slaiman, wa miaka minne.

Kambini, watoto wasio na wazazi walikuwa wakiandikwa kando. Maisom aliogopa watatenganishwa. Akiwa na miaka kumi na mitano, alimwambia karani ana ishirini na moja na huyu ni mwanawe wa kumzaa.

"Karani hata uso hakuinua," anasema. "Tarehe sikuwa nayo, akanipa Januari mosi." Malaysia ikawapokea hivyo hivyo, mama na mwana.

Mwenye duka, Mzee Zahor, aliyemfundisha Kiswahili cha Unguja kwa miaka kumi na minane, ameshindwa kuvumilia. "Bi Maisom, nenda kaape useme kweli! Wewe mtu gani, mbishi hivi?"

"Nikiwa na hamsini na nne, Slaiman nilimzaa na miaka kumi na moja?" Maisom anafoka. "Uraia wake umetokana na mimi. Wakijua mimi si mamake, yeye na wanawe watakuwa nani?"

Mzee Zahor anatikisa kichwa, anaondoka akinung'unika. Mabishano haya ni ya kila siku, na kila siku yanaishia hapo.

Maisom amekwisha amua. Atarudi Kelantan, Malaysia, ambako Slaiman amemtengea chumba cha mbele na cherehani mbili. Anatarajia kufundisha wasichana kushona. Inamuuma kufukuzwa kwa uzee asio nao, wala hafichi.

"Nilimzaa kwa mdomo mbele ya karani mmoja," anasema. "Sitamuua kwa mdomo mbele ya mwingine."