Jozi Iliyobaki Mkebeni

Nakumbuka, mwanangu, Desemba moja nilipomdanganya mtu mwema machoni pake, na kisa chenyewe kilikuwa soksi.

Sijazeeka kiasi cha kukuita mwanangu kwa haki. Ni ninyi mnaokuja kwangu kujifunza kufuma ndio mlionizoesha kuitwa mama. Tena nimekuona ukifumua kazi yako kwa mara ya tano huku umeuma mdomo, nikajiona mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Kaa basi, tuzungumze. Sitakuficha kitu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya Kariakoo ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu, sasa bidhaa zilimwagika hadi barazani, na mitumba ilishushwa kwa marobota. Nilikuwa naishi na bibi yangu mzaa mama, Bi Sihaba, katika nyumba yake ya vyumba sita. Yeye alisuka mikeka uani. Chumba cha mbele alimpangisha Mama Aika, Mchaga wa Machame, aliyeuza masweta ya mitumba. Yaliyotoboka, yasiyouzika, alinirushia mimi. "Shika, mdogo wangu, ukacheze."

Nilikuwa sichezi. Niliyafumua masweta yale nikapata nyuzi. Hakuna aliyenifundisha kufuma. Nilipata soksi moja ya mitumba iliyopotelewa na mwenziwe, nikaifumua tundu kwa tundu kwa siku mbili, ili nijue kisigino kinageuzwaje. Sindano zangu zilikuwa spoku nne za baiskeli, ncha nimezisugua kwenye sakafu. Uzi niliupima kwa kiberiti: ukinuka kama nywele zilizoungua ni sufu, ukiyeyuka na kudondoka ni nailoni, na nailoni haishiki rangi hata uibembeleze vipi.

Rangi ndiyo iliyokuwa ugonjwa wangu. Bibi alinigawia unga wa rangi zake za mikeka, nami nikaujaribu kwenye kila sufu niliyoipata. Nilipika uzi kwa majani ya chai, kwa manjano, kwa hina. Kila fungu la uzi nililifunga kikaratasi cha maelezo: vijiko vingapi, maji kiasi gani, limekaa motoni muda gani. Wapagazi wakipita mlangoni walinicheka. "We Tatu! Jua lote hili, soksi unamfumia nani? Kuku wa Bi Sihaba?"

"Piteni zenu huko," Mama Aika aliwajibu. "Kuku wa Bi Sihaba anavaa vizuri kuliko ninyi."

Jioni moja ya Novemba Mama Aika akaja kuketi karibu yangu, sauti ameishusha. Akaniambia habari za baba yake. Mzee miguu yake ilikuwa inakufa ganzi kwa baridi ya kule juu, na kila jioni aliisogeza karibu na moto. "Wiki iliyopita ameunguza kidole, Tatu, na hakusikia. Wameshtushwa na harufu." Akaushika uzi uliokuwa mapajani mwangu. "Nifumie jozi moja niende nayo Krismasi. Rangi ya mgomba, maana anaupenda mgomba wake kuliko sisi watoto. Nimeshamtumia salamu kwamba soksi zinakuja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuombwa na mtu. Usiku sikulala kwa furaha, na kwa woga.

Sufuria yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nipike uzi kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza nilichanganya kijani cha mikeka na manjano kidogo, likatoka kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa mvua. Nikafuma soksi ya kwanza, nikawa naiweka chini ya mto nikilala. Siku ya kupika fungu la pili maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Nikanunua dumu la maji ya kisima, yale ya chumvi, kwa mwenye mkokoteni. Vijiko vilevile, moto uleule. Uzi ukatoka umepauka, kama jani la mgomba lililoanza kuchoka.

Nikaurudisha motoni, ukawa na mabaka. Nikaufua, ukapauka tena. Mwishowe nikaufuma vivyo hivyo huku roho inaniuma, na siku nne kabla ya safari ya Mama Aika soksi zote mbili zilikuwa tayari. Zilikuwa nzito, laini, kisigino kimekaa vizuri. Lakini nikiziweka juani pamoja, nilichokiona ni kwamba hazikuwa pacha.

Unajua Wachaga na Desemba. Kariakoo nusu nzima hufunga milango, watu wanapanda kwao. Asubuhi ya safari Mama Aika akaja mlangoni, mizigo ameshaifunga.

"Ziko wapi za mzee?"

"Bado, dada. Haraka haraka haina baraka."

"Hata moja haijaisha?"

"Hata moja."

Mwanangu, zilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kitanda, hatua mbili kutoka miguuni pake. Akanitazama, akasema, "Haya, mdogo wangu," akaenda. Nami nikabaki nikijiambia kwamba nimefanya hivyo kwa heshima ya mzee. Uongo mtupu. Niliwaza ukoo mzima umekaa sikukuu, soksi zinapita mkono kwa mkono, na mmoja anauliza, huyu fundi wenu wa Dar haoni vizuri?

Januari alirudi. Hakunigombeza. Alituletea ndizi mshare kama kila mwaka, akaketi uani kumwamkia bibi, na maneno yakamtoka taratibu nami nipo.

"Asubuhi ya Krismasi mzee aliomba maji ya moto, akanawa miguu. Akakaa kwenye kiti chake, akakunja suruali, akaniambia, haya, lete. Nikamwambia fundi hajamaliza. Akasema, basi, usimsumbue mtoto wa watu. Akaikunjua suruali." Akafuta jicho kwa pindo la kitenge. "Jioni akairudisha miguu motoni."

Sikuvumilia. Niliingia ndani, nikatoka na mkebe, nikamwekea soksi mapajani. Alizigeuzageuza.

"Umezimaliza lini?"

"Kabla hujaondoka."

"Zina nini?"

"Rangi, dada. Hazifanani."

Akainuka, akazipeleka kwenye mwanga, akaziangalia muda mrefu. "Rangi gani, Tatu?" akauliza, na hakuwa anakejeli. Alikuwa haoni kweli. Mpaka nilipomwonyesha kwa kidole. Hapo ndipo alipoketi tena, amevaa soksi moja mkononi kama anaupasha joto mkono wa mtu, akalia.

Bibi siku zote aliniita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyotutania. Siku ile aliniita kwa jina.

"Tatu. Njoo ukae. Si hapo, hapa." Akanionyesha mkeka aliokuwa anausuka, tepe mbili za zambarau zisizolingana zimekaa ubavu kwa ubavu. "Ukili huu niliupika kwa maji ya mvua. Huu kwa maji ya kisima. Nisubiri mpaka ufanane? Wageni wangu watakaa wapi?"

Nikajitetea kwa ile methali yangu ya haraka haraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. "Methali si kichaka cha kujifichia, mjukuu wangu. Uliombwa joto la miguu ya mzee wa watu. Wewe ukayafikiria macho ya watu. Ulitaka apate joto, au ulitaka usifiwe?"

Akarudi kwenye ukili wake. Ningefurahi kama angenipiga.

Asubuhi yake Mama Aika alizikabidhi soksi kwa kondakta wa basi la Moshi anayemfahamu. Baada ya kama wiki mbili mtu wa kwao akateremka na majibu. Mzee alikuwa hazivui, hata kitandani. Moto alikuwa anauota kutoka mbali kama watu wengine. Mjukuu mmoja alikuwa amemwuliza, babu, mbona soksi moja imepauka? Mzee akamjibu, "Huo ndio mguu unaokaa upande wa dirishani." Uani tulicheka mpaka bibi akaangusha ukili. Mimi nilicheka na kulia. Maana nilijua kwamba nimeweza kumpa mzee soksi, lakini ile asubuhi aliyonawa miguu na kukunja suruali siwezi kumrudishia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikuambii ulipue kazi. Kosa la kisigino lifumue, hata kama ni mara kumi, kwa sababu litamchubua mtu akitembea. Lakini kosa linalokuumiza wewe peke yako, liache lilale. Kabla hujavuta uzi jiulize kwanza: ni nani anayengoja, na anangoja nini? Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nami naongeza, wala si ufundi. Ukiona aibu, ipeleke kazi yako pamoja na aibu yako, useme, "Hivi ndivyo nilivyoweza." Maneno hayo mazito, najua. Lakini nimeyasema mara nyingi tangu mwaka ule, na hakuna aliyenirudishia soksi.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usiojitesa. Akujalie kuwa na watu wanaokungoja, nawe uwafikie wangali wamekunja suruali. Na siku itakapokuwa zamu yako kuona baridi, asikose mtu wa kukuvisha. Amina.