Inaanza na 47

Mimi ni mtu wa pupa, sikatai. Kwenye kliniki moja ya Ruiru nilikofanya kazi ya rekodi, kompyuta ilikuwa na njia mbili za kumtafuta mgonjwa kwa namba ya kadi. Ukichagua "sawa na", ilikuletea mmoja tu. Ukichagua "inaanza na", ilikuletea kila kadi yenye mwanzo huo. Nilizoea hii ya pili, kwa kuwa niliandika tarakimu mbili tatu na orodha ikanijia yenyewe.

Asubuhi hiyo daktari aliniambia nimwite mgonjwa namba 47. Majibu ya uvimbe wa titi yalikuwa yametoka, na hayakuwa mazuri. Nikaandika ujumbe wetu wa kawaida: "Majibu yako tayari. Tafadhali njoo na mtu wa familia." Huku kwetu hakuna asiyejua maana ya kuja na mtu wa familia. Nikatafuta 47 kwa njia yangu ile ya pili, nikautuma kwa orodha iliyokuja bila kuiangalia.

Kufikia saa nne simu zilikuwa hazikatiki. Ujumbe ulikuwa umemfikia 47, na 470, na 471, hadi 479. Mzee mmoja alikuja kutoka Kiganjo na mabinti zake watatu, wote wamevimba macho, kumbe alikuwa amepimwa malaria tu. Nikaandika upesi: "Samahani, ujumbe wa kwanza ulitumwa kimakosa. Usijali." Nikautuma kwa orodha ile ile, simu zikanyamaza, nikajimiminia chai.

Nilikuwa nimefika nusu kikombe nilipokumbuka kwamba 47 naye alikuwa kwenye orodha hiyo.

Nilimpigia mara sita, hakushika. Kadi yake ilisema ni mpishi kwenye hoteli ya nyama choma huko Kamakis. Nikachukua boda boda. Mwanzoni niliogopa nisimkute. Tulipokaribia, nikaogopa kumkuta.

Alikuwa jikoni akisonga ugali, akiimba. Aliponitambua aliweka mwiko chini akanikumbatia.

"Ai, nyinyi watu wa kliniki mtaniua! Nilikuwa nimeshaambia sista yangu atabaki na watoto. Hiyo message ya pili ilinipata nikilia hapa hapa. Keti nikupakulie."

Akavuta kiti, akakipangusa kwa leso yake. Nilibaki nimesimama.

"Mama," nikamwambia, "mpigie sista yako tena."