Vidonge vya Kidonda Vilivyomharibu Mama Tumbo

Mama alijikata mguu kwa jembe shambani Maramba, kidonda kikatunga usaha. Nikamleta kwangu mjini, Makorora, na zahanati akaandikiwa vidonge vikali vya kuua bakteria. Kidonda kikaanza kukauka, tukamshukuru Mungu. Kisha tumbo likaanza kumkata.

Aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Kilichomuuma zaidi ni swala: akitia udhu, kabla hajafika mkekani umeshamtoka. "Udhu haukai, mwanangu," aliniambia, akageukia ukutani.

Nyumba tunayokaa ni ya wapangaji, choo kimoja. Wa chumba cha mbele wakaanza kunong'ona kipindupindu. Jirani tuliyezoea kupelekeana naye futari akawafungia wanawe ndani. Sikumlaumu, mimi mwenyewe niliogopa. Nikakimbilia duka la dawa, nikapewa vidonge vya kufunga tumbo. Likafunga kweli, lakini likavimba, na homa ikapanda.

Hospitali alitupokea daktari, mwanamke wa makamo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama akajibu, sauti haitoki.

Daktari akambonyeza tumbo taratibu, akanigeukia. "Kabla ya kuharisha alikuwa anatumia dawa gani?"

Nikamweleza za kidonda, na vile vidonge vya kufunga tumbo nilivyonunua dukani.

"Basi nadhani ni hizo. Zimeua wadudu wa kidonda, zikaua na wale wazuri wa tumboni. Amebaki mmoja mkorofi, kapata nafasi. Na hivyo vya kufunga tumbo usimpe tena."

Choo chake kilipimwa maabara, kipindupindu hakikuonekana. Kipimo cha huyo mkorofi hawakuwa nacho, ikabidi daktari afuate dalili. Akasimamisha vidonge vya kidonda, akamtundikia dripu, akampa dawa nyingine ya kumeza. Mimi akaniagiza ninawe kwa sabuni na maji mengi, kwani vile vitakasa mikono vya chupa havimuui mdudu huyo.

Nilirudi nyumbani nikasugua choo kwa klorini, wapangaji wakinitazama kutoka milangoni. Nikawaambia si kipindupindu. Wakarudishia milango.

Mama alipata nafuu, wiki chache baadaye tumbo likamrudia, akatibiwa upya. Sasa limetulia, ila miguu haina nguvu, anaswali ameketi kitini.

Juzi kikohozi kilimshika. Nilipotaja hospitali akashtuka.

"Watanipa tena vidonge vile?"

"Tutawaeleza kwanza yaliyokupata, mama."

Akajifunika kanga mpaka kidevuni.