Netiweki ya Kwa Ndila

Huku Kasigau, ukisikia mtu anasema "naenda kwa Ndila," usidhani anaenda kunywa chai. Anaenda kupiga simu. Kijijini kwetu netiweki inashika mahali pamoja tu, kwenye jiwe la kufulia nyuma ya jiko la Ndila. Kwingine kote mlima umeziba. Na Ndila hajawahi kumfukuza mtu, ingawa wanamkanyagia sukuma wiki kila siku ya Mungu.

Sasa sikia maajabu. Siku ya soko, Sammy fundi wa mabati aliibiwa simu hapa hapa kijijini. Alikuja kugundua akiwa ashafika Miasenyi. Akaazima ya mtu, akampigia bintiye Valarie aliyeko Voi. Valarie akaitafuta kwa kompyuta, na kidoti cha kijani kikatua juu ya nyumba ya Ndila. Tobaa!

Kesho yake asubuhi Sammy alibisha akiwa na Crispus, naibu wa chifu ambaye bado ni mgeni hapa, katoka Ronge, pamoja na Onesmus, mzee wa kanisa. Onesmus hakuja kupekua. Alikuja kuchukua ufunguo wa kanisa, ambao Ndila ameutunza miaka kumi na moja.

"Ni mpaka mambo yatulie tu, mama," akasema, macho chini.

Ndila alisikia damu ikimpanda kichwani. Miaka yote hiyo, leo wamwone mwizi?

"Ufunguo sitoi. Pekueni."

Wakapekua uvungu wa kitanda, wakapekua hadi gunia la mahindi. Hakuna kitu.

"Lakini kompyuta haidanganyi," Crispus akasema, akimwonyesha picha ya ramani.

"Sijasema inadanganya. Imeandika nini hapo chini?"

Crispus akasoma. Ilionekana mara ya mwisho jana, saa saba na dakika kumi.

"Mara ya mwisho! Haya chifu, toa simu yako. Hapa mlangoni netiweki iko?"

Hakuna. Akampeleka langoni, hakuna. Akampeleka chooni, hakuna. Akawaongoza wote mpaka kwenye jiwe la kufulia, na papo hapo simu ya Crispus ikaanza kulia kwa meseji, ya Onesmus nayo ikafuata.

"Mmeona? Mwizi amepita na hii njia ya nyuma akielekea barabarani. Simu ikashika, yeye huyoo akaenda zake. Ramani imeona mahali, mkono haikuuona. Kama kusimama hapa ni wizi, basi kamata kijiji kizima, uanze na mzee wa kanisa!"

Crispus alicheka mpaka akashika kiuno. Sammy akanong'ona, "Pole, mama. Ni hasira tu."

"Pole ya kunong'ona siitaki! Jana umenitaja Miasenyi watu wakisikia." Akamnyang'anya Onesmus simu, akampa Sammy. "Mpigie Valarie. Weka spika."

Wakati huo watu wa kupiga simu walikuwa wameshafika, na hakuna aliyetaka kuondoka.

"Valarie, simu haiko kwa Ndila," Sammy akasema.

"Lakini baba, ramani inaonyesha..."

"Mwambie mimi ni nani," Ndila akadakia.

Sammy akaisogeza simu mdomoni. "Mama Ndila si mwizi."

"Kwa sauti, Baba Valarie. Netiweki iko."

Akarudia, kwa sauti. Ndila akamgeukia Onesmus.

"Na wewe mzee, ulisema umekuja kuchukua nini vile?"

Onesmus aliwatazama watu, akatazama viatu vyake.

"Nilikuja kukusalimia tu, mama."